Watu wa Pipa

Masisi, tarehe 9 Mei 2022

Shemeji Evode,

Watoto wa marehemu kaka yako ni wazima. Mbuzi amezaa, maharagwe yametoa maua. Salamu zimekwisha, sasa nisikilize.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu mbili. Antena ya huku imekufa tangu Februari. Na hata ingekuwa nzima, sitaki sauti yako, nataka kitu chenye jina lako chini ambacho naweza kukishika mbele ya watu.

Ya Pasaka unayajua, ulikuwepo. Ulikuja kutoka Kashebere, familia ikakusanyika kwa dada yenu Thacienne, na mimi nikapewa kugawa kasiksi, pombe ya ndizi, maana mjane hakosi kazi kwenye sherehe za wakwe zake. Nilikumiminia na kukupa bila kuonja. Ni kweli, sikuonja. Nimezaliwa huku, najua kwamba anayemimina pombe huonja kwanza ili anayepokea aone hakuna sumu. Lakini tangu kaka yako Nzabandora afariki nasali katika kanisa lisilogusa pombe, na hakuna aliyekuwa pale asiyelijua hilo. Nilisema kwa sauti mwingine aonje. Mkacheka. Wewe ukanywa.

Kikombe hakijaisha, uso ukakuwaka. Mabaka yakakutoka shingoni na kifuani, macho yakawa mekundu, ukaomba maji. Baada ya saa moja yalikwisha, ukacheza na ngoma kama wengine. Siku nane baadaye ikaja habari kwamba unakojoa damu, na tangu siku hiyo mimi ni muuaji. Thacienne anapita kilima kizima akisema: "Ule mwanamuke alipana mudogo wangu pombe bila kuonja. Njo yeye. Alianza na bwana yake, sasa anamalizia mu familia."

Nzabandora alipigwa na radi, Shemeji. Shambani, mchana, mbele ya watu sita. Sasa hata radi imekuwa yangu.

Familia itakutana Jumamosi tarehe 11 Juni. Nisipokuwa na la kujibu, wataezua mabati ya nyumba yangu, watachukua shamba la maharagwe, na mimi na watoto watatu tutashuka kilima bila pa kwenda. Sikuombi pesa wala pole. Nakuomba mistari miwili: "Claudette hakunipa sumu," na sahihi yako. Kanyamibwa, dereva wa lori la gereji yenu, anapita huku kila wiki, mpe yeye.

Claudette, mjane wa Nzabandora


Kashebere, tarehe 21 Mei 2022

Shemeji Claudette,

Barua yako imenifikia na imenisikitisha. Nakuomba uamini kwamba mimi sijamwambia mtu yeyote kuwa umeniua. Sijasema neno.

Damu ipo kweli. Siku nyingine inatoka, siku nyingine mkojo ni safi kabisa, na sina maumivu makubwa, ni ubavu wa kushoto tu unaonivuta. Kwenye kituo cha afya walinipa vidonge vya ambukizo. Mama Émilienne, patroni wangu mwenye gereji, amenipa ruhusa nipumzike wiki mbili, na wewe unajua wafanyabiashara wa Butembo hawagawi mapumziko ovyo. Ni mtu mwema. Miaka kumi na moja namwoshea vyuma vya injini, na hata siku moja hajanitukana.

Kuhusu mistari unayotaka, sijui niandike nini. Nitaapaje juu ya kitu ambacho sikukiona? Kasiksi ilitoka mkononi mwako, hukuonja, uso ukawaka. Waliokuwepo wameona. Nikiandika kinyume, dada Thacienne atasema umeniroga mpaka akili. Tumwachie Mungu, naye ataonyesha.

Habari njema ni moja. Guy, mtoto wa kwanza wa dada Thacienne, ameanza kazi hapa wiki hii. Amefikisha miaka ishirini na nne na alikuwa anabeba magunia tu. Mama Émilienne amekubali ashike nafasi yangu kwenye pipa, lile pipa lililokatwa nusu tunamooshea vyuma kwa triklo, dawa ya kutoa grisi. Pipa linalipa vizuri kuliko kazi nyingine hapa, na nafasi ya familia haiachwi iende kwa watu wengine. Kwa hiyo nakuomba usimwandikie wala usimwambie dada mambo ya gereji. Ana furaha siku hizi, tusimtie wasiwasi bure.

Ni mimi shemeji yako,
Evode


Masisi, tarehe 30 Mei 2022

Evode,

Sikuiti tena shemeji. Nikikuita hivyo kalamu inakataa.

"Sijasema neno." Hilo ndilo unalojivunia? Mimi ndivyo ninavyokufa, kwa neno ambalo hukulisema. Watu wanakuuliza kama nimekuwekea sumu, unainamisha kichwa, na wao wanaondoka na jibu.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama barabarani, Kanyamibwa akiwa bado anafunga turubai. Nilitukana, nadhani kwa sauti kubwa kuliko kanisa langu linavyoruhusu. Akaniuliza kuna nini, nikamsomea pale ulipoandika kuwa uso uliwaka na watu wameona. Akacheka, Evode. Alicheka mpaka akashika gurudumu. Akaniambia: "Mama, ile haiko sumu. Batu ba pipa bote banawakaka sura kama banakunywa. Ata bière moja tu. Siye tunabachekaka kila siku ya mushahara. Evode iko anajua, ni yeye muzee wa pipa."

Nikamwomba aje tarehe 11 aseme hayo mbele ya familia. Kicheko kikakatika. "Miye niko na bibi na batoto, Mama, na camion iko ya Mama Émilienne. Usitaje jina yangu." Nimelitaja kwako peke yako, na ukimfikisha kwa patroni wako nitajua ni wewe.

Kwa hiyo ulijua. Ulipoomba maji pale kwa Thacienne, mabaka yakiwa yanapanda shingoni, ulijua vizuri ni kitu gani. Kimekutokea mara ngapi, mara ishirini, mara hamsini? Ukanitazama nimesimama na jagi mkononi, watu wote wamegeuka kunitazama, na ukafuta uso wako ukakaa kimya.

Nataka kujua kwa nini. Mimi niliyekupikia siku zote ulipokuwa unasoma, niliyekushonea suruali ya mtihani. Kwa nini?

Kama wewe huandiki, nitamwandikia anayekulipa.

Claudette


Kashebere, tarehe 8 Juni 2022

Bibi Claudette,

Barua yako ya tarehe 2 nimeisoma na haikunifurahisha. Unaniuliza, mimi Émilienne Kasika, kama mfanyakazi wangu anaumwa kwa sumu ya kwenu au kwa dawa ya kwangu, na unasema usipopata jibu utapeleka swali hilo kwa mtawala wa eneo. Hujui unaongea na nani. Nina malori manne, nina duka, nasali misa ya kwanza kila Jumapili, na hakuna mtu aliyewahi kuniita muuaji.

Nitakujibu mara moja tu, ili jambo hili life.

Gereji yangu haifichi kitu. Kwamba watu wa pipa wakinywa pombe uso unawawaka, hilo kila mtu hapa analijua, na mimi ndiye niliyewakataza kunywa siku za kazi. Mwaka 2016 niliandika sheria, nikawasomea, na kila mmoja akatia sahihi kwamba akinywa na kudhurika ni shauri lake. Sahihi ya Evode ninayo kabatini, ni ya pili kutoka juu. Sasa amekwenda kwenu amekunywa, uso umewaka, na wewe unaniuliza mimi?

Kuhusu damu, usinifundishe. Evode si wa kwanza kukojoa damu kwenye gereji yangu. Athanase wa Kibua alianza hivyo hivyo mwaka 2019, na mimi nilimlipia lori la kumrudisha kwao na sanda juu yake. Ni wangapi wanaofanya hivyo? Waliniambia dawa hiyo si nzuri, lakini ile inayouzwa badala yake ni ghali na haitoi grisi. Nifunge kazi? Wanaume sita wale nini?

Nimekujibu kwa heshima na kwa mhuri. Usiniandikie tena.

Émilienne Kasika
Gereji na Usafirishaji


Goma, tarehe 24 Juni 2022

Claudette,

Najua hutaki kuona mwandiko wangu. Soma tu mpaka mwisho.

Niko hospitalini Goma. Damu ilitoka siku nne mfululizo, nikaletwa na lori. Wamenipiga picha. Kwenye figo la kushoto kuna uvimbe wa ukubwa wa ngumi ya mtoto, na daktari anasema ni kansa, na kwamba figo likitolewa sasa ninaweza kupona, likingoja sitapona. Hakuniuliza nimekula nini wala nimekunywa kwa nani. Aliniuliza: "Papa, unafanyaka kazi gani?" Nilipotaja triklo akaweka kalamu chini. Alisema hakuna daktari anayeweza kuapa juu ya mtu mmoja, lakini dawa ile imejulikana miaka mingi kuleta kansa ya figo kwa watu wanaoivuta na kuishika. Imejulikana, Claudette. Watu waliijua, na mimi nilikuwa naingiza mikono mpaka kwenye viwiko na jioni nanawa uso humo humo.

Uliniuliza kwa nini nilinyamaza. Nafasi ya Guy ilikuwa imeshaombwa. Dada Thacienne aliniomba tangu Noeli, na siku ile ile ya Pasaka nilimwambia imekubaliwa. Ningesema mbele yake kwamba uso unawaka kwa sababu ya pipa, asingemruhusu mtoto aje, na Mama Émilienne angejua nimechafua kazi yake. Nikaona wewe una ulimi mkali, utajitetea. Nilidhani yatapita. Hiyo ndiyo sababu, na sina nyingine nzuri zaidi.

Nimesikia waliezua mabati tarehe 11. Nimesikia pia kwamba barua ya Mama Émilienne ilikufikia tarehe 13, ukampelekea dada, na akakataa hata kuishika. Nimemwandikia dada yote niliyokuandikia wewe. Sasa anajua.

Mama Émilienne alikuja hapa jana. Anajutia barua ile. Atalipa upasuaji wote, kwa sharti moja: umrudishie karatasi yake yenye mhuri. Daktari amesema tusivuke mwezi wa saba. Mimi sina haki ya kukuomba hata maji ya kunywa. Lakini nakuomba karatasi hiyo.

Evode


Masisi, tarehe 2 Julai 2022

Claudette,

Ni mimi Thacienne. Nimesikia umekwenda Kibua na watoto, kwa watu ambao si hata ndugu zako. Huo si mwenendo wa mke wa kwetu.

Evode ameniandikia. Nimelia, na si kwa ajili yake peke yake. Mimi ndiye dada mkubwa, wazazi waliniachia wadogo zangu, nilipaswa kuwalinda, na ulipompa kikombe bila kuonja mimi nilifanya ambacho dada yeyote angefanya. Ungeonja tone moja tu, yote haya yasingetokea.

Nimezungumza na wazee wa familia. Unaweza kurudi. Mabati yako yako uani kwangu, hayajauzwa hata moja, na shamba lako hakuna aliyeligusa ila maharagwe yaliyokuwa yamekauka. Utarudi kimya kimya, hakuna haja ya kusoma barua mbele ya watu wala kuwachosha na mambo ya gereji. Akiuliza mtu, tutasema familia imesamehe.

Karatasi ya yule mama mpe Kanyamibwa haraka. Kila siku unayoishika, mdogo wangu anakufa kidogo. Guy nimemtumia ujumbe kwa lori aache kazi, anajibu kwamba kazi ni kazi. Nawe pia mwandikie, anakuheshimu.

Thacienne, Mama Guy


Kibua, tarehe 6 Julai 2022

Mama Guy,

Familia imesamehe. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi, nikamsomea na mwenye nyumba ninamolala, naye akatoka nje kutema mate. Mimi ningetema pia, ila sakafu ni yake.

Unisamehe nini? Niambie kosa. Mlisimama chini watu kumi na wawili mnatazama kijana akiyang'oa mabati yangu kwa nyundo ya marehemu mume wangu, mvua ya Juni isiyotabirika ikatunyeshea mimi na watoto na unga wetu, na binti yangu mdogo akaniuliza kama ni kweli nilimuua baba yake. Ana miaka saba. Swali hilo alilitoa kinywani mwako, Thacienne. Halafu wewe unanisamehe.

Unataka kujua niko kwa nani? Niko kwa Kétsia, mjane wa Athanase, yule ambaye Mama Émilienne anajisifu kumlipia sanda. Nilikuja kumtafuta kwa sababu ya mstari mmoja kwenye barua ile. Nilipomwambia kilichonipata hakushangaa hata kidogo. Athanase alirudi kutoka Kashebere anakojoa damu, amekonda, na siku ya ubatizo wa mpwa wake alikunywa kikombe cha pombe, akawaka uso. Kétsia alikuwa ameonja, Mama Guy. Alionja mbele ya wote, akameza, na bado wakwe zake walisema alikuwa na dawa ya kujikinga. Walimfukuza. Miaka mitatu analima shamba la kukodi hapa, na watu wanavuka barabara wasipite mlangoni pake. Kwa hiyo usiniambie tena habari ya tone moja.

Guy nilimwandikia kabla hujaniomba. Sikumfundisha kitu. Nilimnakilia tu mstari wa Athanase, nikamwambia aende akatafute sahihi ya tatu, ya nne na ya tano kabatini, aulize wenyewe wako wapi.

Karatasi nitaitoa. Sitamwachia Evode afe kwa ajili ya hasira yangu, ingawa hasira hiyo anaistahili yote na nyingine itabaki. Lakini mwambie Mama Émilienne hivi: figo litoke kwanza. Siku nitakayosikia kutoka kwa daktari mwenyewe kwamba Evode ameamka, karatasi itapanda lori. Hanipi masharti mimi. Mwenye hofu ni yeye.

Na mabati yangu yatarudi mchana, watu wakitazama, kama yalivyotoka.

Claudette


Masisi, tarehe 8 Agosti 2022

Mama Émilienne,

Karatasi yako hii hapa ndani, na mhuri wake. Haikukunjwa zaidi ya ulivyoikunja wewe. Evode alifanyiwa upasuaji tarehe 19 Julai, daktari alinipigia simu mwenyewe kupitia antena ya Kibua, na figo limetoka na uvimbe wake. Ulilipa ulichosema utalipa. Nami natimiza.

Kanyamibwa atakuambia nilichelewa. Ni kweli, wiki tatu nzima, na usimlaumu yeye. Karatasi ilikuwa na safari zake. Jumapili ya kwanza Kétsia aliisimamisha parokia yote ya Kibua baada ya misa, na katekista akaisoma kuanzia "Gereji yangu haifichi kitu" mpaka kwenye mhuri. Pale kwenye sanda wakwe zake waliinuka, mama mkwe akapita katikati ya watu, akapiga magoti mbele ya Kétsia. Kétsia hakumwinua. Alimwacha pale akatoka, nami nikatoka naye.

Jumapili ya pili ilisomwa kanisani kwangu hapa Masisi, na Jumapili ya tatu kwa Wakatoliki wenzako. Sokoni Kashebere, siku ya soko, aliisoma Guy, amesimama juu ya tairi mbele ya lango lako. Ulikuwa Butembo. Aliacha kazi siku hiyo hiyo, na wengine wanne wakamfuata, na huyo wa sita anatafuta pa kwenda. Mwalimu wa hapa amewapa wanafunzi waiandike kama imla, kwa hiyo sasa iko kwenye nyumba arobaini na kitu, yenye makosa ya herufi lakini jina lako limeandikwa vizuri.

Mabati yangu yamerudi saa sita mchana siku ya Alhamisi. Thacienne aliyabeba mwenyewe kichwani, safari saba, akipita mbele ya kila mlango alioupitia akinitangaza muuaji. Hatujazungumza. Evode ameniandikia mara mbili kutoka Goma na sijafungua, nitafungua nikiwa tayari, na kama siku hiyo haitakuja basi haitakuja.

Umeuliza kwa Kanyamibwa kwa nini nimekudanganya. Sikukudanganya. Uliomba karatasi, na karatasi unayo. Kunyamaza hukuniomba, kwa sababu ulidhani watu kama mimi hunyamaza bila kuombwa.

Grisi bado iko kwenye vyuma vyako. Pipa unalo, dawa unayo, na umeandika kwa mhuri kwamba ile nyingine ni ghali. Kunja mikono ya nguo yako, Mama, uoshe.

Claudette, mjane wa Nzabandora, nyumbani kwake